Majira ni ya Nani?

Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, mwezi wa Aprili, hutumika vipimajoto viwili. Kimoja huchomekwa ardhini mbele ya nyumba, kina cha vidole viwili au vitatu. Cha pili hushushwa ziwani kwa uzi. Udongo ukifika nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, mwenye nyumba hujua kwamba mbegu za magugu zinakaribia kuamka, naye humwaga dawa ya kuzizuia kabla hazijatoa kichwa. Asiye na kipimajoto hutazama kichaka cha forsithia: kikishavaa maua yake ya njano, wakati umewadia. Maji nayo yakipita nyuzi 15, mvuvi hujua kwamba besi, samaki wa maji matamu anayewindwa kwa hamu kubwa nchini humo, amesogea kwenye kina kifupi ili azae. Mara nyingi mwenye nyumba na mvuvi ni mtu mmoja. Asubuhi ya Jumamosi husukuma mashine ya kukatia nyasi. Alasiri hupakia mishipi yake garini. Kazi ya kwanza huiita wajibu, ya pili huiita starehe, na zote mbili huzifanya kwa jina la mapenzi: anazipenda nyasi zake, anampenda samaki wake.

Nyasi hizo haziliwi na mnyama yeyote. Samaki huyo, akishavuliwa na kupimwa, hurudishwa majini. Msomaji wa pwani, aliyezoea kwamba majani hukatwa kwa ajili ya mbuzi na samaki huvuliwa kwa ajili ya chungu, atauliza mara moja: basi ya nini taabu yote hiyo? Swali ni la haki, lakini silo lililo zito. Mwanadamu hafanyi kila jambo kwa ajili ya tumbo, na mwenye kupenda mashairi ndiye angekuwa wa mwisho kumlaumu mwenzake kwa kushughulikia kisicholiwa. Zito ni jingine. Nyasi zina majira yao na samaki ana majira yake, na majira hayo yana makusudi: nyasi zinataka kutoa mbegu, samaki anataka kulea. Je, yawezekana kukipenda kiumbe na wakati huohuo kukizuia, mwaka baada ya mwaka, kisitimize kile ambacho majira yake yamekiamuru?

Uwanja wa nyasi mbele ya nyumba haukuzaliwa Marekani. Ulitoka kwa makabaila wa Uingereza, waliokuwa na ardhi ya kutosha kuiacha sehemu ya mbele ya majumba yao bila kilimo, na watumishi wa kutosha kuifyeka kwa mkono. Mwaka 1830 Edwin Budding, fundi wa Stroud katika Gloucestershire, alipata hataza ya mashine ya kukatia nyasi. Wazo alilipata kwenye mashine ya viwandani iliyokuwa ikinyoa vinyweleo vya vitambaa vya sufu. Aliona kwamba kinachonyoa kitambaa chaweza kunyoa ardhi. Kwa njia hiyo fahari ya kabaila ikateremka polepole mpaka kwa karani na mwashi, na ardhi ikaanza kutazamwa kama kitambaa kilichotandikwa.

Hata nyasi zenyewe ni wageni kule. Ile iitwayo Kentucky bluegrass, licha ya jina lake, ilivuka bahari kutoka Ulaya. Na katika majimbo ya kusini yenye joto, uwanja wa fahari mara nyingi huwa wa nyasi ambazo Wamarekani huziita Bermuda, na ambazo wataalamu wa mimea huziandika Cynodon dactylon. Mtu wa Unguja au wa Lamu akizikuta huko hatahitaji kufundishwa jina: ni ukoka. Ni ukoka uleule utambaao kando ya njia na uliwao na mbuzi, ambao mkulima wa muhogo huung'oa kwa hasira na kesho yake akaukuta umerudi. Kule hununuliwa kwa fedha, hunyweshwa, hulishwa mbolea, na magugu mengine huuawa ili wenyewe ukae kwa raha. Mmea ni mmoja. Jicho ndilo lililobadilika.

Ukubwa wa jambo hili si mdogo. Utafiti wa Cristina Milesi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulikadiria kwamba nyasi za kukatwa nchini Marekani, za nyumbani, za viwanja vya michezo na za gofu pamoja, zilifunika kilomita za mraba zipatazo 163,000. Ni kama visiwa mia vyenye ukubwa wa Unguja, vyote vikiwa nyasi tupu.

Anayezitunza vizuri ana elimu, na elimu hiyo inastahili heshima. Hufunzwa asikate zaidi ya thuluthi ya urefu wa jani kwa mara moja, kwa kuwa jani ndilo jiko la mmea, na likifupishwa mno mizizi nayo hufupika. Hunoa kisu cha mashine, kwa kuwa kisu butu hurarua badala ya kukata, na ncha za majani hukauka. Vipande vilivyokatwa huviacha vianguke na kuoza palepale ili virudishe rutuba udongoni. Nyasi zinazopenda ubaridi, kama hiyo bluegrass, huzipa mbolea zaidi mwezi wa Septemba, zinapojenga mizizi, kuliko wakati wa machipuko, zinapokimbilia urefu. Ukoka hulishwa kiangazi, kwa kuwa huo ndio wakati wake wa nguvu. Majira ya baridi hulala na kugeuka kahawia, na mjuzi hausumbui. Mtunzaji mwema, basi, huifuata saa ya mmea katika kila jambo isipokuwa moja. Machipuko yanapoiva, bluegrass hutaka kupandisha bua na kuchanua. Ndipo mashine hupita kila wiki, na kila wiki bua hukatwa lingali changa. Mmea ulioumbwa kuishi, kuchanua na kumwaga mbegu hushikiliwa katika ujana usiokwisha.

Wanaoutetea uwanja husema kwamba nyasi hazina habari: zikikatwa huzidi kutoa machipukizi ya pembeni, zikatandaa, zikawa nene. Ni kweli. Nyasi zimeishi na meno ya wanyama kwa mamilioni ya miaka, na sehemu yao ya kukulia iko chini, karibu na udongo, ambako jino halifiki. Lakini mnyama hula akaondoka, na akishaondoka nyasi hupata nafasi yao.

Mpenzi wa mashairi anaweza kuwa na utetezi mzuri zaidi. Atasema uzuri wote hutokana na kukata. Mshairi huanza na maneno yaliyoota ovyo, akayapunguza mpaka yakae katika mizani, minane kwa minane, na vina vikaitikiana katikati na mwisho. Hakuna anayemwita mkatili wa maneno. Kwa nini mwenye kuipimia ardhi mizani aitwe mkatili wa nyasi? Hoja hii ina mvuto, na inaeleza furaha ya kweli ambayo mtu huipata akiitazama mistari iliyonyooka baada ya saa nzima ya jasho. Ina kasoro moja tu. Neno lililokatwa kwenye ubeti halipotezi kitu. Litatumika katika ubeti mwingine, na hata lisipotumika halina kesho iliyodhulumiwa. Mmea una kesho yake. Mwenye kuufanya kuwa neno katika shairi lake amekwisha kuamua kwamba kesho hiyo si kitu, na uamuzi huo ndio unaohitaji kuthibitishwa. Hauwezi kujithibitisha wenyewe.

Wapo waliotaka kulimaliza jambo kwa kipimo cha manufaa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Rais Woodrow Wilson alifuga kondoo kwenye uwanja wa Ikulu ya Marekani. Wakala nyasi, wakawapunguzia wakataji kazi, na sufu yao ilipopigwa mnada ilileta zaidi ya dola 50,000 kwa Msalaba Mwekundu. Mwaka 2021 jimbo la Nevada, ambalo maji kwake ni anasa, lilipitisha sheria inayouweka mwisho wa mwaka 2026 kuwa kikomo cha kunywesha kwa maji ya Mto Colorado, katika eneo la Las Vegas, nyasi “zisizo na kazi”: zile za kandokando ya barabara na mbele ya maofisi, zisizokanyagwa na mguu wowote ila wa mkataji. Nyumba za familia hazikuguswa. Kwa mwenye kufikiri, maneno hayo mawili, “zisizo na kazi”, yanachekesha kidogo. Hakuna nyasi zisizo na kazi. Zina kazi yao. Sheria ilikuwa ikiuliza kazi yao kwa watu.

Kipimo cha manufaa kina mwalimu wake mkubwa, naye si mtu wa kupuuzwa. Albert Schweitzer, daktari na mwanafalsafa aliyefanya kazi Lambaréné, Gabon, na ambaye mwaka 1923 alichapisha fikra zake juu ya kuuheshimu uhai, alitoa mfano wa mkulima aliyefyeka maelfu ya maua malishoni kwa ajili ya ng'ombe wake. Mkulima huyo, kwa Schweitzer, hana lawama. Lakini akiwa njiani kurudi nyumbani ajihadhari asikate, kwa kupitisha muda tu, ua moja lililoota kando ya barabara, kwa kuwa hapo amedhuru uhai bila kulazimika. Kwa kipimo hiki kila uwanja wa nyasi mbele ya nyumba ni ua lile la kando ya barabara, na kila besi aliyevuliwa kwa picha ni ua hilohilo. Fikra ni safi, pengine safi kupita kiasi. Inamwachia mwanadamu haki ya kuua ale, na kumnyima haki ya kucheza. Lakini mchezo nao ni haja. Mtoto hukua kwa mchezo, na mtu mzima aliyeketi ofisini siku tano anahitaji mahali pa kuweka mikono yake. Swali linalofaa zaidi ni la namna anavyocheza, na hasa wakati anaochagua. Hapo samaki anasema zaidi kuliko nyasi.

Besi mdomo mkubwa ni baba kabla hajawa windo. Wakati wa machipuko dume hutangulia kwenye kina kifupi, akafagia kwa mkia duara la mchanga au changarawe mpaka likawa safi. Jike huja, hutaga, huondoka. Dume hubaki. Huyapepea mayai kwa mapezi yake, hufukuza samaki wadogo wanaonyemelea, na mayai yakishaanguliwa huendelea kulilinda kundi la vitoto, jeusi kama wingu dogo ndani ya maji, hata kwa wiki kadhaa. Siku hizo hula kidogo sana. Hukonda.

Ni siku hizohizo ambapo huonekana wazi kutoka juu. Mvuvi huona duara jeupe na kivuli kilichosimama juu yake, naye hurusha katikati ya kiota chambo cha plastiki chenye umbo la mjusi au la kamba, mara moja, mara kumi, mara ishirini. Mwishowe samaki hukikamata. Watu wa pwani wamezoea kuiona ndoana kuwa mfano wa tamaa: aliyemeza chambo amejitakia. Hapa mfano huo haufai. Besi dume hakushikwa kwa tamaa wala kwa njaa. Ameshikwa kwa sababu kitu kigeni kimeanguka juu ya wanawe.

Kisha hupigwa picha na kuachiliwa. Tendo la kuachilia halikuanza kama hila ya kujitakasa. Ray Scott wa Alabama, aliyeanzisha chama kikubwa cha wavuvi wa besi mwaka 1968, alianza mwaka 1972 kuwahimiza washindani katika mashindano yake wawarudishe samaki majini wakiwa hai, baada ya miaka ya kuona mizoga ikining'inizwa kwenye nyuzi kwa ajili ya kuonyeshwa. Mwaka 2016 nchi hiyo ilikuwa na wavuvi wa burudani zaidi ya milioni 35. Kama kila mmoja wao angepeleka nyumbani kila alichokishika, maziwa mengi yangekuwa maji matupu. Kuachilia ni hatua ya maadili, na anayeicheka hajapiga hesabu.

Hata hivyo, kabla ya desturi hiyo palikuwa na nyingine. Tarehe 2 Juni 1932 George Perry, kijana mkulima wa Georgia, alivua besi wa ratili 22 na aunsi 4, kama kilo 10, rekodi ya dunia ambayo hapakutokea wa kuifikia mpaka Manabu Kurita alipovua samaki wa uzito kama huo katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Zilikuwa siku za mdororo mkuu wa uchumi. Perry alimpima samaki wake, akampeleka nyumbani, na familia ikamla. Wapo wanaosikitika mpaka leo kwamba samaki wa namna ile aliishia kwenye sufuria. Lakini alikufa mara moja, kwa sababu inayoweza kutamkwa mbele ya mtu yeyote. Besi huyuhuyu aliletwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa ajili ya mchezo wa kuvua; wenyeji wakamwingiza sokoni pamoja na perege, na hakuna aliyeona ajabu.

Ulaya jambo hili limefika mpaka kwenye sheria. Uswisi, tangu mwaka 2009, inakataza kwenda kuvua kwa nia ya kuachilia. Ujerumani humtaka anayemtia mnyama maumivu awe na sababu ya msingi, na starehe peke yake haihesabiwi kuwa sababu hiyo, chakula huhesabiwa. Yaani lile ambalo mvuvi wa Alabama huliona kuwa rehema, hakimu wa Ujerumani huliona kuwa kosa. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake walionyesha kwamba samaki aina ya trauti ana neva zinazoitikia madhara, na mabishano juu ya kiasi gani samaki huhisi yameendelea tangu hapo. Lakini kuyaweka mabishano yote kwenye mdomo uliotobolewa ni kulikosa jambo lililo kubwa zaidi. Tundu la mdomoni hupona.

Kisichopona ni dakika zile. David Philipp na wenzake waliwachunguza besi wa Ontario na New York, na mwaka 1997 wakachapisha waliyoyaona: dume akiondolewa kiotani, samaki wadogo huyavamia mayai, na dume aliyevuliwa kisha kuachiliwa huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukitelekeza kiota kabisa. Kadiri anavyocheleweshwa kurudi, kwa mizani, kwa picha, kwa mazungumzo ya furaha, ndivyo hasara inavyozidi. Mvuvi amemwachilia samaki. Hakuviachilia vile alivyokuwa akivilinda.

Na liko jingine. Katika Ziwa Ridge, Illinois, kuanzia miaka ya 1970, watafiti waliwafuatilia besi walioshikwa mara kwa mara na wale ambao hawakushikwa, wakavizalisha vizazi vyao mbalimbali. Ilidhihirika kwamba wepesi wa kunaswa hurithiwa. Mwaka 2012 yakachapishwa matokeo mengine yaliyotokana na kazi hiyo: madume wepesi wa kunaswa ndio wanaolea kwa bidii zaidi, ndio wakali zaidi katika kukilinda kiota, na pasipokuwa na mvuvi ndio ambao wangeacha watoto wengi zaidi. Sababu ni dhahiri ukiifikiri. Anayekimbilia kila kigeni kinachoanguka juu ya wanawe ndiye anayeikimbilia na ndoana. Mzembe, anayetazama chambo kikiburutwa juu ya mayai na asijali, hubaki salama. Uvuvi wa kiotani, basi, haupunguzi samaki ovyo. Huchagua. Machipuko baada ya machipuko huwaondoa walezi bora na kuwaachia ziwa baba wasiojali, na anayefanya hivyo ni mtu ambaye, akiulizwa, atasema kwa moyo mweupe kwamba anampenda besi kuliko samaki wote.

Mtu huyo si mnafiki. Anampenda besi kama anavyozipenda nyasi: anajua joto la maji yake, rangi ya mchanga wa kiota chake, saa ya kutoka kwake. Ujuzi wake wote ni ujuzi wa majira ya kiumbe mwingine, na ameupata kwa kutazama kwa subira ambayo wengi hawana. Kasoro ni kwamba ujuzi huo huutumia kuwahi. Anajua ni lini gugu litaamka, akawahi kulizuia. Lini nyasi zitachanua, akawahi kuzikata. Lini baba hatakiacha kiota, akawahi na chambo. Majira ya wengine yamekuwa ratiba yake. Mtu anaweza kumjua mwenzake ndani na nje na ujuzi huo usiwe mapenzi; wazee waliooza wanao wanalijua hilo, na waliodhulumiwa ndani ya nyumba wanalijua zaidi.

Uwanja na ziwa, tena, havikutengana kama ratiba ya Jumamosi inavyovitenganisha. Mvua ya machipuko ikinyesha juu ya nyasi zilizotiwa mbolea, hubeba kilichozidi mpaka kwenye mtaro, na mtaro hukipeleka ziwani. Fosforasi iliyokusudiwa kuwa rangi ya kijani mbele ya nyumba huwa chakula cha mwani, na maji ambayo besi huyataka maangavu huwa uji wa kijani. Jimbo la Minnesota, lenye maelfu ya maziwa, liliona uhusiano huo mapema. Sheria yake ya kuzuia fosforasi katika mbolea ya nyasi, isipokuwa pale udongo ulipothibitika kuihitaji, ilienea jimbo zima mwaka 2005. Haikuwapunguzia watu uwanja wao. Udongo mwingi ulikuwa na fosforasi ya kutosha tangu awali.

Sheria za kuvua nazo zimekuwa zikivutana juu ya swali hilihili bila kulitaja. Kusini mwa Ontario msimu wa besi hufungwa mpaka mwezi wa Juni, ili vitoto viwe vimekwisha kujitegemea. New York, iliyokuwa na mipaka zaidi, iliruhusu mwaka 2022 kuvua na kuachilia besi jimbo zima hata nje ya msimu wa kawaida, kwa chambo bandia. Majimbo mengi ya kusini hayana msimu uliofungwa kabisa. Wanaotetea kufungua husema kwamba samaki hutaga maelfu ya mayai na ziwa halihitaji kila kiota kifaulu. Kwa hesabu ya idadi pengine wanasema kweli. Maziwa mengi yasiyofungwa yana besi tele. Lakini hesabu ya idadi hujibu swali la ziwa. Haijibu swali la dume aliyesimama juu ya kiota chake, wala la mvuvi aliyesimama juu ya dume.

Pwani ya Pemba, vijiji vilivyofunga sehemu za mwamba wao kwa muda ili pweza wakue wameonyesha jinsi kungoja kunavyogharimu: mtu hupita karibu na mwamba, ana njaa, na haingii. Mvuvi wa burudani hana hata njaa hiyo. Anachoombwa kuacha ni wiki chache za samaki aliye rahisi kuonekana, na ni jambo la kushangaza jinsi kilicho kidogo kinavyoachwa kwa shida kuliko kilicho kikubwa.

Kwa upande wa nyasi kungoja kuna adui mwingine: jirani. Miji mingi ya Marekani ina kanuni za urefu wa nyasi, na anayezidisha hutozwa faini. Katika mji mmoja wa Florida, mwaka 2018, faini ya dola 500 kwa siku iliachwa ijikusanye mpaka ikakaribia dola 30,000 kwa nyumba moja. Kosa lilikuwa nyasi kukua. Kanuni za namna hii zina historia yake, na wanaozitetea hutaja panya, kupe na bei za nyumba, na si yote ni uzushi. Lakini zinaonyesha kwamba mwenye nyumba, ambaye mbele ya nyasi ni mfalme, mbele ya mtaa ni mtumwa. Hata angetaka kuziacha zichanue angehitaji kibali. Mwaka 2020 mji wa Appleton, Wisconsin, uliwaruhusu wakazi waiweke mashine kando mwezi mzima wa Mei, wakifuata wazo lililoanzia Uingereza mwaka uliotangulia, ili nyuki wapate maua. Utafiti uliosifu matokeo yake kwa nyuki baadaye uliondolewa kwa dosari, na wapinzani walifurahi sana. Furaha yao ilikuwa ya haraka. Utafiti ulikosea juu ya nyuki. Haukuwa umeulizwa lolote juu ya nyasi.

Ifikapo Juni vitoto vya besi hutawanyika kwenye mimea ya majini, na dume huondoka kwenye kina kifupi kwenda kula. Sasa ni mgumu kupatikana. Hukaa chini ya miti iliyoanguka na kwenye kingo za kina, na anayemtaka hana budi kwenda alfajiri au magharibi, akarudi mara nyingi mikono mitupu. Samaki anayepatikana wakati huo amekifuata chambo kwa njaa yake mwenyewe. Huko nyumbani bluegrass inaanza kuchoka kwa joto. Isiponyweshwa hugeuka kahawia, nayo haijafa. Imelala, na itaamka mvua za Septemba zikianza. Mwenye nyumba aliyeambiwa hivyo na akasadiki hufunga bomba na kuiweka mashine bandani. Jirani yake, upande wa pili wa ua, amekwisha kulifungua la kwake, na maji yanateremka njiani kuelekea kwenye mtaro.